Choo cha kuhama: namna ya kukizuia kisianguke na upepo

Kashebere na vijiji vya jirani, upande wa Masisi na upande wa Walikale, mashamba mengi yako mbali na nyumba. Mutu anaweza kupanda na kushuka vilima saa nzima mbele ya kufika kwenye muhogo wake. Siku ya mavuno ya pamoja koperative inaweka watu 20 ao 30 kwenye kilima kimoja, tangu asubuhi mpaka jua kupungua. Kazi iko, chakula kiko, lakini choo hakiko. Kila mutu anatafuta kichaka chake.

Kichaka hakikosekani kwetu. Shida ni mvua. Inaosha kilima chote na kushusha kila kitu kwenye kijito, na pale chini njo wamama wanalowesha muhogo, njo watoto wanachota maji. Mama anaingiza mikono na miguu mule, kisha anamubeba mtoto. Kolera haijatoka katika Kivu ya Kaskazini. Wazee wanakumbuka Goma mwaka 1994: katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, maji safi hayakutosha, na jiwe la volkano lilikataa kuchimbwa mashimo ya vyoo. Sisi hapa tuko na bahati ya udongo unaochimbika.

Kuko jambo lingine ambalo wapapa hawalisemi sana kwenye mikutano. Mwanaume anageuka nyuma ya mugomba, basi. Mwanamuke anavumilia mpaka giza, ao anakunywa maji kidogo siku nzima ili asihitaji kutoka, na huku analima kwenye jua kali. Kwenda mbali peke yake katika kichaka, kila mutu anajua hatari yake siku hizi. Kwa hiyo choo cha shambani kinaonekana kitu kidogo, lakini kwa wamama njo kitu kinachoamua kama watakuja kwenye kazi ya pamoja ao hapana.

Hakuna mutu atakayejenga choo cha matofali kwenye shamba la kulima msimu mmoja. Choo kinachofaa pale ni chepesi, cha kubebwa. Kuna kile cha miti mine na bashi, shitingi kama wengine wanavyoiita, na chini yake dali ya plastiki. Wengi wanakijua tangu makambi ya wahamaji. Na kuna kile kinachoitwa Arborloo, ambacho kwa mukulima ni kizuri zaidi. Kilitoka Zimbabwe, kwa mutaalamu Peter Morgan, yule aliyepewa tuzo ya maji ya Stockholm mwaka 2013. Shimo lake ni fupi, metre moja hivi. Juu ya shimo kuna dali ndogo, na juu ya dali kijumba chepesi. Mutu akimaliza anatupa kopo la udongo uliochanganywa na majivu ao majani makavu. Shimo likikaribia kujaa, dali na kijumba vinabebwa kwenye shimo lingine, na pale pa zamani panapandwa muti wa matunda. Huko Ethiopia shirika la Catholic Relief Services lilisaidia familia nyingi sana kuvijenga.

Wepesi wa choo hicho njo faida yake, na njo ugonjwa wake. Kinafika shambani kwenye mabega ya watu wane. Upepo nao unakibeba.

Upepo unaokiangusha

Upepo mubaya kwetu haudumu siku nzima. Unakuja mbele ya mvua. Wingu jeusi linasimama juu ya kilima, hewa inatulia, joto linabana, kisha kwa gafla unasikia baridi usoni na migomba inaanza kulia. Ile ni hewa baridi inayoanguka kutoka ndani ya wingu pamoja na mvua. Ikifika chini haina pengine pa kwenda, inakimbia pembeni kwa nguvu. Ni dakika kumi, kumi na tano. Lakini dakika hizo njo zinavunja migomba, zinang'oa manjanja na kupindua vyoo. Na njo dakika zile ambazo watu wanakimbilia choo kujificha mvua!

Tupige hesabu kidogo, inasaidia kuelewa yote yanayofuata. Upepo wa kilometre 70 kwa saa ni kama ule unaokupiga usoni ukiwa kwenye moto inayokimbia sana kwenye lami ya Goma kwenda Sake. Kwenye barabara yetu moto haiwezi kukimbia vile. Upepo huo unasukuma karibu kilo 25 kwenye kila kipande cha bashi cha metre moja kwa metre moja. Ukuta wa choo uko na upana wa metre 1 na urefu wa metre 2. Basi kijumba kinapokea karibu kilo 50 ubavuni. Ni kama mufuko muzima wa simenti umekiegemea, na pigo moja la upepo linaweza kupita pale.

Kilo hizo 50 zinasukuma katikati ya ukuta, metre moja juu ya udongo. Kijumba kinataka kupinduka kwenye ukingo wake wa upande wa pili. Kinachokizuia ni uzito wake, lakini uzito huo uko katikati, nusu metre tu kutoka ukingo ule. Upepo uko na mukono wa metre nzima, uzito uko na mukono wa nusu. Ili kisimame kinadai uzito mara mbili ya nguvu ya upepo, maana yake kilo 100. Kijumba cha mianzi na bashi kinaweza kuwa na kilo 40. Mutu asitafute muchawi pale.

Tena upepo ukiongeza mbio mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara ine. Njo maana choo kinaweza kusimama miezi mitatu bila shida na kuanguka siku moja.

Miguu ya kipoyi

Watu wengi wakiona choo kimeanguka wanafikiri kuongeza uzito juu: mawe juu ya paa. Hiyo ni hatari. Jiwe litaanguka juu ya kichwa cha mutu, na uzito wa juu hausaidii kuliko ule wa chini. Dawa ya kwanza ni miguu.

Kila mutu wa vilima hivi anajua kipoyi, ile machela ya kubebea mugonjwa: miti miwili mirefu, na ncha zake zinatoka mbele na nyuma ili wabebaji washike. Jenga choo chako vilevile. Chini ya kuta mbili za pembeni laza miti miwili ya kaliptusi, kila mumoja wa metre 2 na nusu ao zaidi kidogo, itoke sentimetre 80 mbele na sentimetre 80 nyuma. Kwa miti hiyo watu wane wanabeba choo kwenda shimo jipya. Kikifika, miti inabaki pale, inakuwa miguu. Ukingo wa kupindukia haukai tena nusu metre kutoka katikati, unakaa metre 1 na sentimetre 30. Piga hesabu tena: kwa upepo uleule, uzito unaohitajika unashuka kutoka kilo 100 mpaka karibu kilo 40. Uzito wa kijumba chenyewe!

Hiyo ni kwa upepo wa mbele na nyuma. Kwa upepo wa kulia na kushoto ongeza miti mingine miwili inayopita juu ya ile ya kwanza, mumoja mbele na mumoja nyuma, ifunge kwa waya ao kamba nzuri kwenye pembe zote ine. Ule wa mbele unapita kwenye mulango, kwa hiyo uchimbie mufereji kidogo ulale sawa na udongo, mutu asijikwae usiku. Miti hii miwili unaweza kuifungua wakati wa kuhama.

Faida ingine haionekani mara moja. Udongo uliolowa unabomoka kwenye ukingo wa shimo. Miti mirefu inalaza uzito mbali na shimo, kwenye udongo mugumu.

Lakini miguu peke yake haitoshi. Choo chenye miguu mirefu na kilo 40 hakitapinduka haraka, ila kinaweza kuteleza. Na choo kilichoteleza ni kibaya kuliko kilichoanguka: kijumba kinasogea nusu metre, shimo linabaki wazi nyuma ya bashi, na mutoto anaingia mbio bila kuangalia. Kwa hiyo kinahitaji mifuko na mapiketi.

Mifuko, dali, kamba

Mufuko wa mchele uliojazwa udongo kiasi cha bidoni moja na nusu ya litre 20 unafika karibu kilo 40. Weka ine, mumoja kwenye kila ncha ya miti ya kipoyi, na uifunge kwenye muti. Mufuko ulioegemezwa tu kwenye ukuta haufanyi kazi. Upepo unainua kijumba na mufuko unabaki ukitazama. Jua linakula mifuko ya plastiki, kisha miezi michache inapasuka, basi ifunike na majani. Bidoni iliyotoboka kwa juu, isiyofaa tena kwa maji, ukiijaza muchanga uliolowa inakuwa na uzito kama ule wa mufuko na inadumu zaidi. Uzuri wa udongo ni kwamba siku ya kuhama unaumwaga palepale. Hakuna mutu anayebeba kilo 160 kupanda kilima.

Wenye dali ya simenti wako na uzito mwingine ambao mara nyingi hawautumii. Dali ya mviringo ya metre moja, unene wa sentimetre 4, inakaribia kilo 75. Siku ya kuimwaga weka ndani vipete vine vya fer à béton, vitokeze juu kidogo, na kijumba kifungwe pale kwa waya. Kilo 75 na 40 ni 115. Umeshapita zile 100 bila mufuko hata mumoja. Dali ya plastiki haina msaada huo, ni nyepesi mno. Mwenye hiyo asiache mifuko.

Sasa kamba. Kamba ine, kutoka pembe za juu za kijumba mpaka kwenye mapiketi. Kipimo ni chepesi: kama kamba imefungwa kwenye urefu wa metre 1 na nusu, piketi ikae metre 1 na nusu kutoka mguu wa choo. Piketi iwe na urefu wa sentimetre 75, ya muti mugumu, na sentimetre 50 ziingie ndani ya udongo. Kichwa chake kiangalie nje, kigeuzie choo mugongo, na kamba ifungwe chini kabisa karibu na udongo. Tunaona mapiketi mengi yamesimama wima na kamba imefungwa juu kwenye kichwa. Upepo wa kwanza unayang'oa kama karoti.

Udongo wetu wakati wa mvua unakuwa laini kama ugali. Pale piketi moja haitoshi. Pigilia ya pili nyuma ya ile ya kwanza kwa hatua moja, na ufunge kichwa cha ile ya mbele kwenye mguu wa ile ya nyuma. Kama bado inatoka, zika muti: chimba mufereji wa sentimetre 60, laza ndani kipande cha muti kama mukono wa mutu mukubwa, funga kamba katikati yake, rudisha udongo na kanyaga vizuri. Muti uliozikwa hivyo ni nguvu kuliko mapiketi mawili.

Kamba ya mugomba inaoza haraka, iache kwa kufunga mizigo. Ya nailoni ikilowa inarefuka, kwa hiyo kisha kila mvua kubwa mutu azunguke akaze. Ya katani inafanya kinyume: ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea. Zote mbili zinadai mukono wa mutu. Na kila kamba ifungiwe kitambaa cheupe, sababu mama mwenye mimba anayeenda usiku bila tochi hataiona.

Usipe upepo mahali pa kushika

Choo cha kuchuchumaa hakihitaji metre 2. Ukikata mpaka metre 1 na sentimetre 80, bashi inapungua na mukono wa upepo unapungua pamoja nayo. Kwa jumla nguvu ya kupindua inashuka karibu moja ya tano. Watu warefu watainama kidogo mulangoni.

Paa liwe la kuteremka upande mumoja, na upande wa chini njo uangalie kule upepo wa mvua unakotoka. Ukiweka upande wa juu kule, upepo unaingia chini ya paa na kuliinua. Upepo unatoka upande gani? Usiulize gazeti. Kila bonde liko na njia yake. Angalia migomba iliyolala kisha mvua ya mwisho, zote zimelalia upande mumoja, na uulize mwenye shamba. Mulango nao uwe upande wa pili, ukingiwe na kijumba chenyewe. Mulango wa bashi uwe na kijiti chini na kitanzi cha kufungia, maana ukibaki wazi unakuwa tanga.

Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya ukuta na paa, hewa ipite. Mutu asitoboe bashi katikati eti apunguze upepo. Tundu linaanza kama sarafu na kuisha kama dirisha. Pale pa kupigilia misumari weka kwanza kipande cha mpira wa gurudumu la zamani, bashi haitapasuka.

Mahali penyewe pana kazi kubwa. Kwenye kichwa cha kilima upepo haukosi. Chini bondeni kuna maji. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya msaada yanafuata, vinasema choo kikae angalau metre 30 kutoka chemchemi ao kisima, na chini ya shimo pabaki metre 1 na nusu mbele ya kukuta maji. Vinasema tena choo kimoja kwa watu 20. Kwa hiyo tafuta katikati ya kilima, upande usiopigwa. Usikiweke chini ya muti mukubwa wala kati ya migomba, vitakuangukia. Musitari wa bingobingo ao kaliandra, metre chache upande wa upepo, unavunja nguvu yake na kulisha mbuzi. Unakata majani lakini unaacha shina.

Wingu likisimama

Katika kila kikundi cha kazi achaguliwe mutu mumoja wa choo. Kazi yake si ya aibu. Asubuhi anavuta kila kamba na anasukuma kijumba kwa bega. Kikitikisika, kinafungwa upya mbele ya kazi kuanza. Wingu likisimama anahakikisha hakuna mutu ndani, anafunika tundu la dali na kifuniko kizito, anafunga mulango, na hakuna mutu anayeingia mpaka upepo upite. Kujificha mvua ndani ya choo ni marufuku, hasa kwa watoto.

Kikianguka licha ya yote, asikimbilie kusimamisha bashi. Kwanza tundu lifunikwe, ao lizungushiwe miti. Bashi inaweza kungoja.

Siku ya kuhama

Msimu ukiisha ao shimo likibakiza kiganja kimoja na nusu kujaa, watu wane wanamwaga mifuko, wanafungua kamba na kubeba kipoyi kwenye shimo jipya. Mapiketi yanang'olewa yote. Piketi iliyoachwa kwenye majani inatoboa mguu wa mutu anayelima mwaka kesho. Shimo la zamani linajazwa udongo muzuri wa juu, sentimetre 15 ao zaidi, ili mizizi michanga isikutane haraka na vilivyo chini. Mupapai, mupera, mugomba na muavoka vinakubali vizuri pale. Mboga za kuliwa mbichi na mizizi kama muhogo na viazi visipandwe kwenye shimo lile.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua, mwezi wa Septemba kwa wengi wetu. Kama shimo limejaa katika kiangazi cha Juni ao Julai, lifunike na udongo, weka alama ya kijiti kirefu, na uungoje mwezi huo. Udongo utashuka kidogo. Uongeze mwingine mbele ya kupanda.